Nani Alilisha Joka la Yongling?

Hadithi ya Li Ji, binti wa Kichina aliyeua joka, imepata soko kubwa miaka hii. Imo katika vikusanyo vya hadithi za wasichana jasiri. Kimojawapo, kilichochapwa Marekani mwaka 2000, kilipewa jina kutokana nayo. Imo katika vitabu vya picha na katika video za kuwasimulia watoto. Tangu filamu ya Mulan ya mwaka 2020, anayeuliza kama Wachina wana shujaa mwingine wa kike huelekezwa mara nyingi kwa Li Ji. Na karibu kila mahali kisa husimuliwa hivi: palikuwa na joka, watu wazima wakaogopa, msichana mmoja hakuogopa, joka likafa, msichana akawa malkia. Wanaoisambaza wanafurahi kwamba watoto wa kike wamepata mfano wa kuiga. Wanaoibeza wanasema ni siasa za leo zilizovikwa kanzu ya kale. Pande zote mbili zinabishania ushujaa wa msichana, na mimi naona zote zimepishana na hadithi yenyewe njiani. Ukilisoma andiko la kale kwa utulivu, joka ni mnyama mwenye njaa tu. Kesi iliyomo humo ni ya maofisa wanaolilisha: kwa kalenda, kwa utaratibu, na kwa watoto wa watu wasio na wa kuwasemea. Ushujaa wa Li Ji haueleweki vizuri mpaka tujue aliingilia utaratibu gani.

Kwa kuwa matoleo mengi yamepunguzwa, heri nianze na kisa kama kilivyoandikwa. Kusini-mashariki mwa China, katika nchi ya Min ambayo leo ni jimbo la Fujian, palikuwa na mlima uitwao Yongling. Upande wake wa kaskazini-magharibi, kwenye bonde la majimaji, liliishi joka lenye urefu wa zhang saba au nane, yaani zaidi ya mita 15. Wenyeji waliliogopa siku zote, na wengi miongoni mwa wakuu wa serikali wa Dongye na wa miji iliyo chini yake walikufa. Wakatoa sadaka ya ng'ombe na kondoo, balaa lisikome. Ndipo joka likaanza kuwajia watu ndotoni na kusema kwa vinywa vya waganga: linataka wasichana wa miaka 12 au 13. Wakuu wakahangaika pamoja, kisha wakatafuta watoto wa vijakazi na mabinti wa familia zenye makosa, wakawalea, na kila mwaka, mwezi wa 8, wakampeleka mmoja kwenye mdomo wa pango. Wakafika tisa. Walipokuwa wakitafuta wa kumi, katika wilaya ya Jiangle alikuwepo mtu aitwaye Li Dan, mwenye mabinti sita bila mtoto wa kiume. Kitinda mimba, jina lake Ji, akajitokeza. Wazazi wakakataa, akaondoka kwa siri. Akaomba upanga mzuri na mbwa wa kuuma nyoka. Siku ilipofika alikwenda kuketi hekaluni, upanga kifuani, mbwa kando yake, na mdomoni mwa pango akaweka madonge ya mchele wa kunata, ya kujaza gunia zima, yaliyomwagiwa asali iliyokorogwa na unga wa nafaka ya kukaanga. Joka likatoka, kichwa kama ghala la nafaka, macho kama vioo vya karibu nusu mita. Likasikia harufu, likaanza na madonge. Ji akamwachia mbwa, na yeye mwenyewe akalikata kwa nyuma, jeraha juu ya jeraha, hata joka likaruka kwa uchungu mpaka uani na kufa hapo. Akaingia pangoni, akayatoa mafuvu tisa, akayasemesha maneno makali nitakayoyarudia hapa chini, kisha akarudi nyumbani kwa mwendo wa polepole. Mfalme wa Yue aliposikia alimposa awe malkia wake, baba akapewa ukuu wa wilaya ya Jiangle, mama na dada zake wakatunzwa.

Aliyetuachia kisa hiki ni Gan Bao, mwanahistoria wa serikali wa nasaba ya Jin katika karne ya 4. Kitabu chake, Soushen Ji, ni mkusanyo wa habari za mizimu, miujiza na viumbe vya ajabu, na katika utangulizi wake alisema anataka kuonyesha kwamba mambo ya mizimu si uongo. Nakala iliyotufikia ina juzuu 20 na ilikusanywa upya karne nyingi baada yake. Lakini mkono ulioandika unajulikana: ni mkono wa karani. Sentensi fupi, jina la mlima, jina la wilaya, vyeo, mwezi wa tukio, idadi ya waliokufa. Hata hivyo si kumbukumbu ya mahakama. Ufalme wa Minyue, yaani ule wa mfalme wa Yue, ulivunjwa na majeshi ya Mfalme Mkuu Wu wa nasaba ya Han mwaka 110 KK, na Jiangle ilifanywa wilaya mwaka 260 BK, kwa hiyo mfalme aliyemwoa Li Ji na wilaya aliyopewa baba yake havikuwahi kuwapo wakati mmoja. Hiyo ndiyo alama ya kisa kilichopita midomoni mwa watu kabla ya kufika kwenye wino, na Gan Bao mwenyewe anamaliza kwa kusema kwamba nyimbo zake bado zipo mpaka siku zake. Kuna jambo moja zaidi juu ya mtu huyu ambalo siwezi kulipita. Wasifu wake katika historia rasmi ya Jin unasema alisukumwa kuandika kitabu hiki na mkasa wa nyumbani kwao. Baba yake alikuwa na kijakazi aliyempenda. Baba alipofariki, mama kwa wivu akamsukumia kijakazi yule kaburini akiwa hai. Kaburi lilipofunguliwa zaidi ya miaka kumi baadaye, kijakazi alikuwa hai bado. Amini au usiamini. Mtu aliyekulia katika nyumba inayosimulia kisa cha namna hiyo anajua jinsi mwili wa kijakazi unavyoweza kutumika kutuliza moyo wa mwenye nyumba.

Sasa turudi kwenye ofisi ya Dongye. Mara ya kwanza nilipokutana na toleo lisilopunguzwa, nilikwama kwenye kitenzi kimoja. Andiko linapowahesabu wasichana tisa, halisemi kwamba walikuwa wameuawa, wala wameliwa. Linasema walikuwa "wametumiwa". Wametumiwa tisa, wa kumi anatafutwa. Ni lugha ya daftari la bohari. Na kabla ya kitenzi hicho kuna kingine kinachouma zaidi: walikuwa "wakilelewa". Ofisi haikuwakamata wasichana asubuhi na kuwapeleka jioni. Iliwaweka, ikawalisha, ikangoja mwezi wa 8. Hapa hakuna kundi la watu lililopandwa na wazimu wa hofu. Kuna bajeti, kuna mlezi, kuna mtu aliyepewa kazi ya kuhesabu miezi. Waliochaguliwa ni wa aina mbili. Aina ya kwanza Kiswahili cha pwani kina neno lake kamili, wazalia, watoto waliozaliwa ndani ya utumwa, wasio na ukoo wa kuja kudai. Aina ya pili ni mabinti wa familia zilizokwisha hukumiwa, ambao kulia kwao kungehesabiwa kuwa ukaidi mwingine. Na tazama mpangilio wa habari zenyewe. Vifo vya kwanza vinavyotajwa ni vya maofisa. Ng'ombe na kondoo walishindwa kuwalinda maofisa. Wasichana walipoanza kutolewa, vifo vya maofisa havitajwi tena. Hesabu hiyo karani hakuifanya mbele yetu, ila tarakimu zote ametuachia mezani.

Wasomaji wetu watakumbuka ngano ya Nunda mla watu, iliyosimuliwa Unguja na kuchapwa na Edward Steere mwaka 1870. Pale nako dubwana halikutoka porini. Lilikuwa paka wa sultani. Paka alikula mifugo, akafika kwa watu, na kila malalamiko yalipoletwa sultani alimtetea, kwa kuwa paka ni wake na vilivyoliwa ni vyake. Alimwita nunda siku paka alipowala wanawe mwenyewe. Siutaji ufanano huu ili niseme hadithi moja ilitoka kwa nyingine, maana hakuna ushahidi wa hilo na silihitaji. Nautaja kwa sababu tofauti yake inafundisha. Sultani alikuwa mzembe, ndiyo maana hasara ilimfika. Ofisi ya Dongye haikuwa na uzembe. Ilipanga uteuzi wake kwa namna ambayo joka lisingefika kamwe nyumbani kwa mtu mwenye cheo, na kwa mpango huo lingeweza kula kwa miaka mia.

Kuna wanaosema tusiichukulie hadithi hii kwa moyo mweupe kiasi hicho. Hoja yao ni nzito na naiheshimu. Nchi ya Min ilikuwa ya watu wa Yue, waliotekwa na dola ya Han, na nyoka kwao alikuwa kitu cha ibada. Andishi lenyewe la jina Min lina alama ya mdudu au nyoka ndani ya lango, na kamusi ya Xu Shen, iliyotungwa karibu mwaka 100 BK, inawaeleza watu wa Min kuwa ni kizazi cha nyoka. Mpaka leo katika mji wa Zhanghu, karibu na Nanping, kuna hekalu la mfalme nyoka, na siku ya 7 ya mwezi wa 7 kwa kalenda ya Kichina watu huandamana wamebeba nyoka hai. Kwa hiyo, wanasema wakosoaji, hadithi ya nyoka mla watoto anayeuawa na msichana mwenye jina la ukoo wa Kichina, ikaandikwa na ofisa wa dola, ni propaganda: mungu wa waliotekwa amefanywa dubwana. Yamkini chembe ya hayo imo. Watekaji wa kila zama wamewasingizia watekwa kwamba mungu wao anakula watu.

Ila propaganda ya dola ina umbo lake, na umbo hilo tunalijua kwa sababu China yenyewe imetuachia mfano safi. Ni kisa cha Ximen Bao, aliyepelekwa kuwa mkuu wa Ye katika karne ya 5 KK. Huko waganga na wazee wa mji walikuwa wakikusanya kodi kila mwaka, na kumtupa msichana mtoni awe bibi arusi wa mungu wa mto. Ximen Bao alihudhuria sherehe, akamtazama bibi arusi, akasema si mzuri wa kutosha, akaagiza mganga mkuu atupwe mtoni aende kumwarifu mungu kwamba mwingine anatafutwa. Mganga alipokawia kurudi, akatupwa mwanafunzi wake kwenda kumharakisha, kisha mwingine, kisha wazee. Waliobaki walipiga magoti mpaka vipaji vya nyuso vikatoka damu. Hiyo ndiyo sauti ya dola ikijisifu: waganga wa kienyeji ni wezi, mtumishi aliyetoka makao makuu ni mkombozi, ana askari na ana ucheshi. Sasa mlinganishe na Yongling. Mtumishi wa dola yupo, ana ngome na wakuu wengine chini yake, na anachofanya ni kutafuta msichana wa kumi. Waganga wapo, lakini wanafikisha ujumbe tu. Anayetekeleza ni serikali. Kama Gan Bao alitaka kuisifia dola mbele ya waabudu nyoka, alichagua njia ya ajabu, ya kuionyesha dola ikiwa ndiyo mwabudu nyoka mkubwa kuliko wote.

Tuje kwa msichana mwenyewe, na kwa maneno ambayo matoleo ya kisasa hayapendi kuyagusa. Akiwaomba wazazi ruhusa, Ji anawaambia hivi, kwa kifupi: hamna bahati, mmezaa mabinti sita bila mwana, ni kama hamna watoto. Mimi sina jambo nililowafanyia wazazi kama Tiying. Siwezi kuwatunza, nakula na kuvaa bure, nikiishi sina faida, heri nife mapema. Mkiuza mwili wa Ji mtapata pesa kidogo za kujikimu. Si vizuri hivyo? Jina lake hapo linatia uchungu zaidi, kwa kuwa andishi la Ji lina maana ya kutuma, kukabidhi, kuweka kitu mahali kwa muda. Wanaotaka shujaa wa kisasa huyafuta maneno haya kwa sababu yanamfanya aonekane mtu aliyekubali kuwa binti ni mzigo. Wanaoibeza hadithi huyashika hayohayo na kusema: mnaona, hii ni ngano ya utii wa kikale, msichana hapa ni sadaka anayejipeleka mwenyewe, mnatudanganya na ushujaa wenu.

Hoja hii ya pili ndiyo dhaifu kuliko zote zilizomo katika mjadala, na udhaifu wake unaonekana ukimfuatilia Tiying. Tiying alikuwa binti wa mwisho wa tabibu Chunyu Yi, mwenye mabinti watano bila mwana. Mwaka 167 KK baba yake alishtakiwa na kupelekwa mji mkuu Chang'an akakatwe kiungo, na njiani akanung'unika kwamba ana watoto lakini hakuna wa kumfaa siku ya shida. Tiying akamfuata, akamwandikia Mfalme Mkuu Wen barua, akijitoa awe mtumwa wa serikali ili baba yake asamehewe. Mfalme alimsikiliza, na mwaka huohuo akafuta adhabu za kukata viungo. Habari hii imo katika historia ya Sima Qian, na kila Mchina aliyesoma kidogo tu aliijua. Ji anapomtaja Tiying na kusema "mimi sina kama lake", wengi wanasikia unyonge. Mimi nasikia mtu anayepima hali. Tiying alikuwa na wa kumwandikia: juu ya hakimu mkali alikuwapo mfalme anayeweza kuaibika. Ji angemwandikia nani, ilhali wale ambao barua ingefikia mezani kwao ndio wanaomtafuta wa kumi? Njia iliyobaki ya kulifikia pango ilikuwa moja, kuingia kama bidhaa. Na bidhaa huzungumzwa kwa lugha ya bei. Hotuba yake ni hesabu kwa sababu hesabu ndiyo lugha pekee ambayo binti wa sita angeweza kuombea ruhusa ya kutoka nyumbani. Tena haikufaa kitu! Wazazi walimpenda, wakakataa, hesabu au si hesabu. Wanaosema hadithi inafundisha utii wanasahau kwamba baada ya hotuba hiyo ndefu ya utii, binti anavunja amri ya baba na mama, na hakuna anayemlaumu.

Kama alikuwa na mpango tangu mwanzo, andiko halisemi, na nadhani ni vyema halikusema. Linachosema ni jinsi alivyojiandaa, na hapo ndipo ubongo wake unapoonekana kuliko misuli yake. Anaomba upanga na mbwa, na maneno yaliyotumika ni ya mtu anayepeleka ombi rasmi. Kwa usomaji wangu aliyeombwa ni ofisi ileile: imemnunua ili aliwe, naye anaitaka impe silaha kwanza. Kisha chakula. Wasichana tisa waliletwa wakiwa chakula peke yao. Ji ni wa kwanza kufikiri kwamba mnyama mwenye njaa atakula kilicho karibu na chenye harufu nzuri zaidi. Mchele wa kunata, asali, unga uliokaangwa. Ukiusonga vizuri unashika meno, na mdomo uliojaa hauumi. Halingoji joka likiwa na njaa wala halivizii likiwa limelala. Analipiga likiwa linakula, kwa nyuma, huku mbwa akilishughulisha mbele. Vitabu vya picha humchora amesimama uso kwa uso na joka, nywele zinapepea, upanga juu. Mchoro mzuri, lakini msichana wa kwenye mchoro huo angekuwa fuvu la kumi.

Mulan wa utenzi wa kale, ule wa enzi za utawala wa kaskazini katika karne za 4 hadi 6, anafaa kuwekwa kando yake kwa dakika moja tu. Mulan anachukua nafasi ya baba yake jeshini; adui yuko nje ya mipaka, na utaratibu wa kuandikisha askari, hata ukiwa mchungu, hauulizwi swali. Akirudi, mtawala anampa cheo, anakikataa, anaomba kipando cha kumfikisha kwao. Ndiyo maana kila serikali inaweza kumpenda Mulan. Li Ji anapendeka kwa serikali pale tu kisa chake kinapokatwa kichwa na mkia.

Sasa yale mafuvu. Ji anaingia pangoni, anayatoa yote tisa, na anayaambia: ninyi mlikuwa waoga na wanyonge, mkaliwa na nyoka, inasikitisha sana. Sentensi hii ndiyo ya kwanza kuondolewa katika matoleo ya watoto, na naelewa kwa nini. Nimewasikia walimu wakisema kwamba mtoto hapaswi kufundishwa kuwalaumu waliodhulumiwa. Wengine wanasema kwamba mafuvu yenyewe yanatisha. La kutisha nalipita haraka: watoto wetu wamelelewa na mazimwi yanayomeza vijiji vizima, na wakalala usingizi mnono. La lawama ni zito. Maneno ya Ji si ya haki. Yeye alikuwa na baba aliyeweza kusema hapana. Alikuwa mtu huru anayeweza kuomba upanga na akapewa. Wale tisa walifugwa na ofisi tangu walipochukuliwa. Mzalia wa miaka 12 angemwomba nani mbwa? Lakini tunajuaje kwamba Ji amekosea? Tunajua kwa sababu hadithi hiyohiyo, mistari michache tu kabla, imetuambia wasichana wale walitoka wapi. Ushahidi wa kumtetea marehemu umo ndani ya andiko linalomlaumu. Sidhani Gan Bao alipanga hivyo. Labda alikubaliana na Ji. Lakini alikuwa karani mwaminifu kiasi cha kuandika asili yao, na uaminifu huo unatutosha. Ukifuta lawama, unamfuta pia msichana wa kweli, mwenye umri wa kuaminika, aliyetoka kuponea chupuchupu, ana damu mikononi, na amejaa hasira isiyojua pa kwenda. Na unafuta kitu kingine. Katika hadithi nzima, kuanzia ndoto na waganga hadi vikao vya wakuu, hakuna hata mmoja anayewaambia wale tisa "ninyi". Waliambiwa mara moja, na mtu aliyeingia gizani kuwatafuta.

Kwa sisi tunaosoma kwa Kiswahili hili si jambo la mbali sana. Tangu televisheni ya TBC ya Tanzania ilipoanza kuonyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili mwaka 2011, na tangu Kenya ilipotangaza mwaka 2019 kwamba Kichina kitafundishwa katika shule za msingi, hadithi za kule zinatufikia bila kungoja ruhusa ya mtu. Nyingi zitafika zikiwa zimekwisha pitia Kiingereza cha Marekani na kuoshwa njiani. Mfasiri atakayelishika kisa cha Li Ji atafika kwenye maneno manne na itabidi aamue: wazalia, kulelewa, kutumiwa, polepole. Akiandika "wasichana maskini" badala ya wazalia, ameifuta sheria iliyowachagua. Akiandika "waliuawa" badala ya walitumiwa, amelirudishia joka kosa la ofisi. Na akisahau kwamba msichana alirudi nyumbani polepole, kama vitabu vingi vinavyomrudisha akikimbia kwa shangwe au amebebwa mabegani, atakuwa ametunyang'anya kitu ambacho hata mimi bado nakigeuzageuza. Kwa nini polepole? Uchovu, labda. Labda hakuwa na haraka ya kufika kwa watu waliokuwa wakingoja kusikia amekwisha liwa.

Mwisho wa hadithi, yaani ndoa ya kifalme, huonekana kuwa sehemu ya kawaida kabisa, na wachambuzi wengi huipita wakiiita kanuni ya ngano. Ni kweli ni kanuni, lakini tuangalie zawadi ya baba. Li Dan anafanywa mkuu wa wilaya ya Jiangle. Cheo hicho kwa Kichina kinaitwa ling. Rudi juu, pale ambapo wakuu walihangaika pamoja juu ya madai ya joka kabla ya kuanza kuwatafuta watoto wa vijakazi. Katika andiko la kale orodha ya vyeo vyao imetajwa, na ling yumo. Mfalme amemshukuru msichana kwa kumweka baba yake kwenye kiti kimojawapo cha waliokuwa wakilisha. Ofisi haikuvunjwa. Hakuna mkuu aliyeulizwa, hakuna aliyefukuzwa, daftari halikufunguliwa. Andiko linasema tangu siku hiyo hapakuwa tena na kitu cha kishetani Dongye, kisha linahamia kwenye nyimbo. Juu ya mama zao wale tisa, vijakazi katika nyumba za watu na wake wa wafungwa, halina neno. Mafuvu yalitolewa nje yote, tisa, yakawekwa mahali penye mwanga, na andiko halisemi nani alikuja kuyachukua.